John Tyndall

John Tyndall (Leighlinbridge, Eire, 2 Agosti 1820 – Hindhead, Uingereza, 4 Desemba 1893) alikuwa mwanafizikia, mpanda milima na mwalimu wa sayansi. Alichunguza nuru, joto, gesi na barafu. Katika historia ya mawasiliano anatajwa hasa kwa sababu ya jaribio la mwaka 1854, alipowaonyesha watu jijini London kwamba nuru inaweza kufuata mkondo wa maji uliopinda. Kanuni ya jaribio hilo ndiyo inayotumika katika nyuzi za kioo zinazobeba simu na intaneti, ambazo nchini Tanzania hujulikana kama mkongo. Vitabu vingi vya karne ya 20 vilimhesabu kuwa mwanzilishi wa jambo hilo, lakini yuko aliyemtangulia.

Maisha ya awali

Tyndall alizaliwa katika familia ya kipato kidogo kwenye kijiji cha Leighlinbridge, wilaya ya Carlow. Baba yake alikuwa askari polisi. Wakati huo kisiwa chote cha Eire kilitawaliwa kutoka London. Alisoma katika shule za kwao hadi alipokaribia umri wa miaka 19, akajifunza hisabati, uchoraji na upimaji wa ardhi.

Mwaka 1839 aliajiriwa na idara ya serikali iliyokuwa ikipima ardhi ya Eire, na mwaka 1842 akahamishiwa Preston, Uingereza. Mwaka uliofuata alifukuzwa kazi baada ya yeye na wenzake kulalamikia mishahara midogo. Baadaye alipata kazi ya kupima njia za reli, ambazo wakati huo zilikuwa zikijengwa kwa wingi.

Mwaka 1847 aliacha reli akawa mwalimu wa hisabati katika Queenwood College, mkoani Hampshire. Shule hiyo ilikuwa miongoni mwa chache nchini Uingereza zilizofundisha sayansi kwa majaribio. Hapo alikutana na mwanakemia Edward Frankland, na mwaka 1848 wote wawili walikwenda Marburg, Ujerumani, kusoma chini ya Robert Bunsen. Tyndall alipata shahada ya udaktari mwaka 1850.

Aliporudi Uingereza alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1852. Mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution ya London, taasisi aliyofanyia kazi Michael Faraday. Faraday alikuwa rafiki na mlezi wake katika kazi, na alipofariki mwaka 1867 Tyndall alishika nafasi yake.

Jaribio la nuru ndani ya maji

Nuru husafiri polepole zaidi ndani ya maji kuliko hewani. Kwa sababu hiyo mwali unaotoka majini kuingia hewani hupinda pale unapovuka uso wa maji. Kadiri mwali unavyozidi kulala, ndivyo unavyopinda zaidi. Ukizidi pembe ya takriban digrii 49 kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso wa maji, hautoki tena. Nuru yote hurudishwa ndani, kana kwamba uso wa maji umegeuka kioo cha kujitazamia. Jambo hili huitwa uakisi kamili wa ndani, nalo lilikwisha kuelezwa na Johannes Kepler mwaka 1611.

Mwaka 1854, kwa pendekezo la Faraday, Tyndall alitumia uakisi huo mbele ya wasikilizaji wake. Alichukua chombo cha maji chenye tundu ubavuni, maji yakatoka na kuanguka kwa kujipinda kama upinde. Kisha nuru kali ilipitishwa ndani ya chombo kuelekea kwenye tundu. Badala ya kwenda moja kwa moja, nuru iliingia ndani ya mkondo, ikagonga kuta zake mara nyingi na kurudishwa ndani kila mara, ikafuata mpindo hadi maji yalipoanguka.

Jaribio hili linaweza kurudiwa shuleni bila maabara. Chupa ya plastiki yenye maji na tundu dogo ubavuni, tochi ndogo ya leza na chumba chenye giza vinatosha. Tochi huwekwa upande wa pili wa chupa, ikielekezwa kwenye tundu. Nuru ya leza isielekezwe machoni mwa mtu yeyote, kwa kuwa inaweza kuharibu macho.

Nani alitangulia

Miaka 13 kabla ya jaribio la London, yaani mwaka 1841, Jean-Daniel Colladon wa Geneva, Uswisi, alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilo hilo. Colladon alikuwa akifundisha juu ya mwendo wa maji, na alitaka wasikilizaji wote ukumbini waone vizuri mkondo unaotoka kwenye tundu. Alipoelekeza nuru ndani yake, mkondo wote uling'aa. Alichapisha taarifa yake mjini Paris mwaka 1842. Wakati huohuo Mfaransa Jacques Babinet alieleza majaribio yanayofanana na hayo, akaongeza kwamba nuru hufuata pia fimbo za kioo zilizopindwa.

Tyndall hakumtaja Colladon. Alikuwa mashuhuri, vitabu vyake vilisomwa sana katika nchi zinazotumia Kiingereza, na hivyo jina lake ndilo lililobaki. Ni katika miongo ya karibuni tu wanahistoria wa sayansi walipomrudishia Colladon nafasi yake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1893.

Kutoka maji hadi kioo

Mwanzoni ugunduzi huo ulitumika zaidi kwa burudani. Miaka ya 1880 chemchemi za maji yenye nuru za rangi zilivutia umati katika maonyesho makubwa ya Ulaya, yakiwemo ya London mwaka 1884 na ya Paris mwaka 1889.

Nyuzi za kioo zilikuja baadaye. Mwaka 1930 Heinrich Lamm, mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, alipitisha picha ndani ya fungu la nyuzi za kioo. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, alitumia chombo cha aina hiyo kutazama ndani ya tumbo la binadamu.

Uzi wa mkongo una kiini na ganda, vyote vya kioo. Nuru husafiri polepole kidogo zaidi ndani ya kiini kuliko ndani ya ganda, kwa hiyo hurudishwa ndani pale vinapokutana, kama ilivyorudishwa katika mkondo wa maji. Tatizo lilikuwa uchafu wa kioo, uliomeza nuru kabla haijafika mbali. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mawasiliano yatawezekana hata kama ni asilimia 1 tu ya nuru itakayobaki baada ya kilomita 1. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 1970 na kampuni ya Corning ya Marekani. Kioo cha siku hizi hubakiza takriban asilimia 95 baada ya umbali huo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Utafiti mwingine

Mwaka 1859 Tyndall alianza kupima jinsi gesi zinavyomeza joto. Aligundua kwamba oksijeni na nitrojeni huliachia joto kupita, lakini mvuke wa maji na dioksidi ya kaboni hulizuia. Ugunduzi huo ni msingi wa elimu ya mabadiliko ya tabianchi. Hapa pia alikuwepo aliyetangulia: Mmarekani Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba dioksidi ya kaboni na hewa yenye unyevu hupata joto zaidi juani, ingawa vifaa vyake havikuweza kupima joto linalotoka ardhini.

Tyndall alichunguza pia namna vumbi laini linavyotawanya nuru, jambo linaloitwa athari ya Tyndall. Alithibitisha kwamba hewa isiyo na vumbi haiozeshi supu iliyochemshwa, akaunga mkono hoja za Louis Pasteur kuhusu vijidudu. Milima ya Alpi ilimvutia kwa ajili ya barafu yake, na mwaka 1861 alikuwa katika kundi la kwanza kufika kilele cha Weisshorn, Uswisi, chenye mita 4,506.

Alifundisha watu wa kawaida kwa bidii. Katika ziara yake ya Marekani ya miaka 1872–1873, faida yote ya mihadhara aliiacha hukohuko isaidie wanafunzi wa sayansi. Mwaka 1874, mjini Belfast, alidai kwamba maelezo ya maumbile ni kazi ya sayansi, si ya dini, na hotuba hiyo iliwaudhi viongozi wengi wa makanisa.

Ndoa na kifo

Mwaka 1876 alimwoa Louisa Hamilton. Hawakupata watoto. Louisa alimsaidia katika kazi zake za maandishi na kumuuguza alipodhoofika na kukosa usingizi. Tarehe 4 Desemba 1893 alimpa kwa makosa dawa ya usingizi badala ya dawa ya tumbo, na kipimo kilikuwa kikubwa. Tyndall alifariki siku hiyohiyo. Mjane wake aliishi miaka 47 zaidi akikusanya karatasi zake ili maisha yake yaandikwe, lakini alifariki mwaka 1940, na kitabu kilitoka mwaka 1945.

Urithi

Taasisi ya taifa ya Tyndall mjini Cork, Eire, hufanya utafiti wa elektroniki na nuru. Katika Afrika ya Mashariki jina lake limepewa barafuto moja ya Mlima Kenya, iliyo chini ya kilele cha Batian. Barafuto hiyo imesinyaa sana tangu mwanzo wa karne ya 20, kadiri hewa ya dunia inavyopata joto.

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya pwani ya Afrika ya Mashariki na nchi za nje yalitegemea hasa setilaiti. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukifika Mombasa na Dar es Salaam. Kutoka Mpanda, mkoani Katavi, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Ndani ya kioo nuru huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali kama huo huumaliza katika muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.