Mwalimu Nyerere, nyumba ya Magomeni na miaka ambayo kompyuta ilipigwa marufuku

Kaa na vijana wanaoandika programu hapa Dar, hata nusu saa tu, utasikia kilio kile kile. Kampuni kubwa ya nje ina huduma nzuri ya malipo, lakini ukifungua orodha ya nchi Tanzania haimo. Umeomba kuunganishiwa mfumo na kampuni ya hapa hapa, mwezi wa tatu huu barua pepe haijajibiwa. Na mazungumzo yakinoga, hakosi mmoja wa kusema kwamba haya yote aliyaanzisha Mwalimu, maana ndiye aliyekataza kompyuta.

Rafiki yangu mmoja wa Magomeni huisema hiyo karibu kila tukikutana. Kinachonichekesha ni kwamba anapoisema yuko mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka nyumba aliyoishi Mwalimu mwenyewe.

Ni kweli alikataza? Ndiyo. Mwaka 1974 serikali ya Julius Nyerere ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikawekwa kwenye kapu hilo hilo. Hiyo si stori ya vijiweni. Ila ukiishia hapo utamkosa mtu mwenyewe.

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki, Nyerere Burito. Shule alianza akiwa na miaka 12, kule Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo ikawa Tabora, Makerere, kisha Edinburgh, ambako alichukua shahada yake mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, na siku za mapumziko alikuwa akishuka mjini kwa ajili ya siasa. Kariakoo ndiko walikokuwa wenzake, akina Abdulwahid Sykes, na ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza Tanganyika. Aliporudi ilibidi achague moja, darasa au chama. Mwezi Machi 1955 akaacha ualimu, na mshahara ukaenda na ualimu.

Baadaye kidogo ndipo linapoingia jina la Magomeni. Nyumba yenyewe iko mtaa wa Ifunda, leo ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa ya Kiswahili ya enzi zile. Ukipita haraka na bodaboda huwezi kudhani kwamba aliyeishi humo mwishoni mwa miaka ya 1950 ndiye aliyekuja kuongoza nchi.

Enzi hizo za Magomeni kuna jambo ambalo watu wa teknolojia wangelipenda. TANU haikuwa na kiwanda cha uchapaji. Magazeti makubwa yalikuwa ya wakoloni na ya matajiri, redio ilikuwa ya serikali. Chama kikawa na karatasi yake, Sauti ya TANU, iliyopigwa taipu na kutolewa nakala kwenye mashine ya kudurufu. Wino, karatasi, mkono wa kuzungusha, basi. Ikiharibika, fundi wa mtaani anaifungua.

Na hiyo karatasi ilimtia matatani. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa mahakamani hapa Dar kwa aliyoandika humo kuhusu maofisa wawili wa kikoloni. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka London kumtetea. Alipatikana na hatia, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa, harakati zikaendelea. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru yeye akiwa waziri mkuu.

Mimi huiona mashine ile ya kudurufu kila ninapojaribu kuelewa alichokifanya baadaye. Mtu aliyeiangusha serikali ya kikoloni kwa chombo kile alijua nguvu ya chombo unachokimiliki na kukiendesha mwenyewe.

Kompyuta haikuwa hivyo. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa ICT. Usifikirie laptop. Ilikuwa mitambo mizito, inalishwa kadi zilizotobolewa matundu, na bila mtaalamu wa kutoka nje haiendi. Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake humo. Mradi ukafeli vibaya. Hesabu zikavurugika, pesa zikaliwa, na wizara ikabidi irudi kwenye njia zake za zamani. Waliojua kilichokuwa ndani ya ile programu walikuwa wageni, na mgeni mkataba ukiisha anapanda ndege na kichwa chake.

Sasa weka na hali ya nchi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeshatangaza kujitegemea. Mwisho wa mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa dunia nzima. Ukame ukapiga msimu huo huo na uliofuata, ikabidi kununua mahindi nje. Fedha za kigeni zikawa kama maji ya kisima kilichokauka. Mbele ya serikali ziko meli za mahindi, na pembeni kuna ankara ya mashine ambayo imeshavuruga hesabu. Mimi ningekuwa mezani pale mwaka 1974, sijui kama ningepiga kura tofauti.

Wanaosema Mwalimu aliogopa teknolojia wamekosea, tena sana. Miaka hiyo hiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Na redio aliitumia kuliko kiongozi yeyote wa jirani ninayemjua. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vijijini. Wanasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanatoka kwenda kuchimba choo. Redio moja inahudumia kikundi kizima. Leo tungeuita mfumo wa mafunzo wa kidijitali, tukauombea ufadhili na kuufanyia semina hotelini.

Kisha likaja lengo la kila mtoto kusoma, mwaka 1977. Kufikia miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa ikitajwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wazima wengi wanaojua kusoma na kuandika. Bibi yako anayekutumia meseji leo, kuna uwezekano mkubwa alijifunza herufi kwenye madarasa yale ya elimu ya watu wazima.

Lakini lawama ipo, na siifuti.

Marufuku haikuwa ya mwaka mmoja au miwili ya njaa. Ilikaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kipindi chote hicho aliyetaka kompyuta alihitaji kibali maalumu, na nyingi zilizoingia zilipitia miradi ya wafadhili, kila mmoja na mashine yake na mtaalamu wake. Angalia kinyume kilichotokea hapo. Amri ilitungwa kwa sababu tulitegemea wageni, halafu ikawanyima vijana wetu mashine ya kujifunzia, kwa hiyo tukaendelea kutegemea wageni. Fundi redio alikuwepo kila mtaa wa Kariakoo kwa sababu redio zilikuwepo za kuharibika. Fundi kompyuta angetoka wapi?

India nayo ilikorofishana na kampuni kubwa miaka hiyo hiyo. Iliitaka IBM ikubali kugawana umiliki na Wahindi. IBM ikagoma na kuondoka mwaka 1978. Tofauti ni kwamba India haikufunga mlango baada ya mgeni kutoka. Vyuo vyake viliendelea kufundisha, na mafundi wake wakashika mashine zilizoachwa. Miaka ishirini baadaye dunia nzima ilikuwa inawapa Wahindi kazi za programu. Sisi ni nchi ndogo na maskini zaidi, najua, lakini hata chumba kimoja chenye mashine pale Chuo Kikuu, kikiwa wazi kwa wanafunzi tangu 1974, kingetupa watu.

Hapo ndipo ninapoachana na rafiki yangu, na pia na wale wasiotaka Mwalimu aguswe. Swali lake lilikuwa sahihi: hii mashine ni ya nani, na ikizima nani ataiwasha? Ni swali lile lile analouliza kijana wa leo ambaye aplikesheni yake inakufa usiku mmoja kwa sababu kampuni ya mbali imebadilisha masharti. Jibu lake ndilo lililokaa muda mrefu mno.

Nyerere aling'atuka urais Novemba 1985 na kurudi Butiama, shambani na kwenye vitabu vyake. Huyu, usisahau, ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili huku akiendesha nchi. Alibaki kuwa mtu wa kusikilizwa. Televisheni za Tanzania Bara zilipoanza mwaka 1994, miaka mingi baada ya Zanzibar kuwa nayo ya rangi, na yeye akaonekana humo.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Rais Benjamin Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa. Vijijini watu walilipokea tangazo kwenye redio, kama walivyozoea. Mjini waliokuwa na televisheni walimtazama Mkapa usoni akisema, na majirani wasiokuwa nayo wakajazana dirishani.