Per Henrik Ling: Mwalimu wa upanga aliyeugua mkono, akafundisha watu kuutazama mwili mzima

Pita katikati ya jiji la Nakuru na hutakosa kibao cha spa au saluni kinachotangaza masaji ya Kiswidi. Mteja analipa, analala kifudifudi, anakandwa mgongo na mabega, kisha anaenda zake akijihisi mwepesi.

Lakini Uswidi iliingiaje kwenye mambo haya? Ukiuliza, wengi watakuambia masaji hiyo ilibuniwa na jamaa aliyeitwa Per Henrik Ling. Kusema kweli, hakuibuni. Alichoacha ni kikubwa zaidi ya hicho, na alianza kukitafuta kwa sababu ya maumivu yake mwenyewe.

Ling alizaliwa Novemba 15, 1776 huko Södra Ljunga, kusini mwa Uswidi. Babake alikuwa kasisi, na alifariki Ling akiwa bado mtoto. Kijana akasomea theolojia Lund, kisha Uppsala. Njia ilikuwa wazi: avae joho la kasisi kama babake. Hakulivaa.

Mnamo 1799 alivuka hadi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Huko aliishi maisha ambayo vijana wengi wa mjini wanayajua vizuri, ya kuunganisha vibarua ili siku iende. Alifundisha lugha, akaandika mashairi, na akajifunza mchezo wa upanga kutoka kwa Wafaransa waliokuwa wamekimbia mapinduzi ya kwao. Mwaka huohuo Franz Nachtegall alifungua ukumbi wa mazoezi mjini humo, na Ling akawa anaenda kutazama na kujifunza.

Shida yake ilikuwa mkono. Viungo vilimuuma kwa baridi yabisi, na kwa mtu anayeshika upanga, hilo si jambo dogo. Ila aliona kitu cha ajabu. Badala ya mazoezi ya kila siku kuuharibu mkono zaidi, maumivu yalipungua na nguvu zikarudi.

Hapa ndipo Ling alipoachana na watu wengi wa enzi yake, na wa enzi yetu pia. Siku hizi mtu akipona mgongo kwa mafuta fulani, kesho yuko TikTok anayauza kwa kila mtu. Ling hakutosheka kwamba yeye amepona. Alitaka kujua ni kwa nini.

Alirudi Uswidi 1804, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa upanga katika Chuo Kikuu cha Lund. Alipokuwa akifundisha wanafunzi kushambulia na kukinga, yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa somo jingine: anatomia. Alijifunza mifupa imeungana vipi, msuli unavuta wapi, damu na pumzi hubadilika vipi mtu anaposogea.

Kutokana na hayo akajenga wazo lake kuu. Kwake, uhai wa binadamu ulisimama juu ya nguzo tatu. Kuna akili na roho, kuna kazi za ndani kama kusaga chakula, na kuna mwendo wa misuli na viungo. Nguzo moja ikilegea, zile nyingine mbili zinahisi. Kwa hiyo, kwa maoni yake, ukimtibu mtu bega pekee huku hulali usingizi wake, pumzi yake na wasiwasi wake, hujamtibu.

Si lugha ngeni kwetu. Mkunga wa kijijini anayemkanda mama aliyejifungua humuuliza pia amekula nini na amelala vipi. Tofauti ni kwamba Ling alitaka maarifa ya aina hiyo yaandikwe, yapangwe na yafundishwe darasani.

Mazoezi yake aliyagawa mara nne: ya kuwalea watoto na vijana, ya jeshi, ya tiba, na ya kuonyesha hisia kwa mwili. Katika tiba, mgonjwa hakuachwa alale tu. Kulikuwa na mwendo anaoufanya mwenyewe, mwendo anaofanyiwa, na ule ambao yeye anasukuma huku mtabibu akizuia. Kule kukanda, kusugua, kutikisa na kupigapiga mwili kulikuwa sehemu ndogo tu ya mpango mzima.

Wazo zuri halitoshi bila mlango wa kulipitishia. Ling alipoomba serikali imsaidie kufungua chuo, inasimuliwa kwamba waziri alimfukuza kwa dharau, akisema nchi tayari ina wacheza mazingaombwe na watembea kwenye kamba wa kutosha.

Kilichogeuza mambo ni vita. Mnamo 1809 Uswidi iliipoteza Ufini kwa Urusi, na taifa likajiona dhaifu. Ghafla mtu anayeahidi kuimarisha miili ya vijana alikuwa na thamani. Mwaka wa 1813 chuo kikafunguliwa jijini Stockholm, Ling akiwa mkuu wake, jeshi likiwa mteja wake wa kwanza wa maana.

Madaktari ndio waliokuwa wagumu. Mwalimu wa upanga anatibu wagonjwa kwa kibali cha nani? Swali lao lilikuwa halali, kwa sababu Ling na wafuasi wake wakati mwingine walidai mazoezi yanaponya magonjwa mengi kuliko walivyoweza kuthibitisha. Hata hivyo, mnamo 1831 chama cha madaktari cha Uswidi kilimpokea kama mwanachama. Mwaka wa 1835 aliingia Akademia ya Uswidi kwa sababu ya mashairi yake marefu, ambayo leo ni wachache wanaoyasoma.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa mepesi. Alimzika mke wake wa kwanza, na mapafu yake mwenyewe yalikuwa yakiliwa polepole. Mtu aliyewafundisha maelfu kupumua vizuri alifariki Mei 3, 1839 kwa kifua kikuu. Hakuna mkao wala mkando uliokuwa na uwezo wa kuua vijidudu vile. Kitabu chake kikuu kilikuwa hakijakamilika. Wanafunzi wake walikichapisha 1840. Mwanawe Hjalmar aliendeleza kazi chuoni.

Sasa, jina la masaji lilitoka wapi? Mikando inayojulikana kwenye spa, ile ya kupapasa kwa mkono mrefu, kuminya na kugongagonga, hupewa sifa zaidi daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger, aliyezaliwa 1838, mwaka mmoja tu kabla ya Ling kufariki. Lakini mazoezi ya tiba ya Kiswidi yalikuwa yameshafika London na New York tangu miaka ya 1850, na watu wakachanganya vitu viwili hivyo chini ya jina moja. Kichekesho ni kwamba Waswidi wenyewe huiita masaji ya klasiki.

Jina lilipovuma, matapeli nao wakaja. Kufikia 1894 London ilikuwa na kashfa: baadhi ya nyumba zilizotangaza masaji zilikuwa zinauza ngono. Wauguzi wanne wanawake walikataa kazi yao ichafuliwe. Wakaanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, chenye mitihani na kanuni za maadili. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza.

Kijana anayefanya kazi ya masaji Nakuru anaijua dharau hiyo. Akitaja kazi yake kwa matatu, kuna atakayecheka kichinichini. Kumbe ni vita vilevile vya waziri yule na wauguzi wale, na dawa yake bado ni ileile ya Ling: soma mwili kwanza. Hapa Kenya wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao tangu 2014, na baraza linalowasajili.

Kwa hiyo ukiingia spa na mgongo unaouma, sikiliza maswali utakayoulizwa kabla ya mafuta kumwagwa. Je, umeumia lini? Unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku? Unalala vipi? Una ugonjwa wowote, una mimba? Anayeuliza hayo amemrithi Ling hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Asiyeuliza, na anayeahidi kukuponya kisukari kwa vidole, ana kibao tu.