Mwana Kupona na Radhi ya Tano

Kila tunapoufundisha Utendi wa Mwana Kupona huzuka darasani mabishano yale yale. Wasichana hununa, wavulana hufurahi, na mwalimu hutafuta pa kutokea. Mabishano hayo nimeyasikia pia mahali ambapo jina la Mwana Kupona halitajwi kamwe, yaani katika mafundisho ya ndoa ya makanisa yetu, pale Waraka kwa Waefeso unapofunguliwa na kusomwa kuanzia aya ya 22 ya sura ya tano, inayowataka wake wawatii waume zao. Wapo Wakristo wanaoiona amri hiyo kuwa ya milele, na wapo wanaosema ilikuwa ya watu wa zama zake. Nionavyo mimi, shauri la utendi na shauri la waraka ni moja, na heri tuliingie kwa kupitia maisha ya mama huyo wa Kiislamu.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kimojawapo cha visiwa vya Lamu. Aliolewa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho, uliosifika kwa wanazuoni wake, wanakili wake wa misahafu na mafundi wake wa ngozi. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na yeye ndiye aliyekuwa mke wake wa mwisho. Bwana Mataka hakuwa mume wa kukaa barazani akingojea kahawa. Kwa muda wa miaka kama ishirini aliongoza upinzani dhidi ya Sultani wa Unguja, na majeshi ya Sayyid Said yaliyopelekwa kuitiisha Siyu katika miaka ya 1840 yalipata kipigo kikubwa. Mkewe basi aliishi katika mji uliozoea habari za vita.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwachia watoto wawili. Miaka miwili baadaye, huku maradhi yakimsumbua, Mwana Kupona alimwita bintiye, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aje karibu na wino na karatasi. Ndipo zilipotungwa beti 102 tunazozijua. Mwanafunzi asiisahau hali hiyo hata kidogo: mjane mgonjwa, mlinzi wa nyumba amekwisha kufa, na binti yu karibu na maisha ya ndoa. Huyo si mbunge anayewatungia wanawake wa dunia nzima sheria. Ni mama anayemtafutia mwanawe namna ya kusalimika.

Na anamwambia nini? Anaanza na dini na adabu. Kisha anamweleza kwamba mwanamke ana radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Wasomaji wengi hufika kwa huyo wa tano wakamkalisha kiti cha kwanza. Ni kweli kwamba mama anayaeleza mambo ya mume kwa kirefu. Binti amkande mwili, amtengenezee ndevu, chumba kinukie, na bwana akilala asiamshwe kwa makelele. Lakini humo humo anasema mume atunzwe kama mtoto asiyejua bado kusema. Je, aliyemlea mtoto ni mtumwa wa mtoto? Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Ann Biersteker, alichapisha makala akiusoma utendi huu kuwa na kejeli iliyofichika. Mimi siamini kwamba kejeli imeenea kote, maana mama huyu anasimulia kwa uchungu wa kweli jinsi alivyoishi na mumewe bila ugomvi hata akafa akiwa radhi naye. Hata hivyo, baada ya makala hayo ni vigumu kuusoma ubeti ule wa mtoto kwa haraka.

Watangazaji wa utendi nao wana sehemu yao ya lawama. Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewaongoza wasomaji tangu hapo. Dua ndefu ya mwishoni, ambamo mama anajiombea yeye, wanawe na ndugu zake, ikabaki kama mkia tu.

Ndivyo Wakristo wanavyomfanyia Paulo. Aya ya 21 ya sura ile ya Waefeso inawataka waumini wote watiiane, na aya ya 25 inamdai mume pendo la kujitoa kama Kristo alivyojitoa kwa kanisa, lakini masomo mengi huanza na kukoma katikati. Sura ya saba ya Wakorintho wa Kwanza ina makubwa zaidi. Inasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na papo hapo, katika aya ile ile ya nne, inasema mume naye hana amri juu ya mwili wake bali mkewe. Nusu ya kwanza huhubiriwa. Ya pili husomwa kwa sauti ya chini. Nusu hiyo ikikatwa, chumba cha kulala hugeuka mahali pa deni la upande mmoja, na mke aliyekataa huambiwa amevunja neno la Mungu. Tusidhani jambo hili ni la mimbarini peke yake. Sheria ya Makosa ya Ngono iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2006 ilikuwa na kifungu kilichowaweka kando watu waliooana kihalali, hata mke aliyelazimishwa na mumewe akakosa kinga yake.

Mwana Kupona alifariki katika miaka ya 1860 kwa maradhi ya kutokwa na damu. Katika utendi wake aliwaomba wanawake wausome wenyewe, ombi ambalo lisingekuwa na maana kama wanawake wa Pate na Siyu hawakujua kusoma. Muhula ujao nitawaomba wanafunzi wangu waanze ubeti wa kwanza na wamalize dua, na wale wa somo la dini waanze Waefeso katika aya ya 21.