Baron Philippe: Mkulima wa mvinyo aliyekataa daraja la pili

MIONGONI mwa wazalishaji wa mvinyo duniani, ni wachache waliopambana na daraja walilopangiwa kama Baron Philippe de Rothschild wa Ufaransa.

Alizaliwa jijini Paris Aprili 13, 1902, katika ukoo maarufu wa wenye mabenki. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 20, alikabidhiwa Mouton, shamba la mizabibu la familia lililoko Pauillac, karibu na Bordeaux.

Shamba hilo lilikuwa na donda la zamani. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris chini ya utawala wa Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliupanga mvinyo mwekundu katika madaraja matano kwa kufuata bei ya sokoni. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion ziliwekwa daraja la kwanza. Mouton ikaongoza daraja la pili.

Philippe hakuridhika, lakini alitambua kuwa malalamiko matupu hayapandishi daraja. Enzi hizo wafanyabiashara walinunua mvinyo kwa mapipa na kuutia kwenye chupa wenyewe, hivyo mzalishaji hakuwa na uhakika wa kile kilichomfikia mnywaji. Mwaka 1924 aliamua mvinyo wake wote utiwe kwenye chupa hapo hapo shambani. Mavuno ya 1930 yalipokuwa duni, aliyanyima jina la Mouton na kuuza mvinyo wake kwa jina jingine, Mouton Cadet.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimwachia majonzi. Shamba lilitwaliwa, na mkewe, Élisabeth, alifia katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück mwaka 1945. Philippe, aliyekuwa amejiunga na majeshi ya Jenerali Charles de Gaulle, alirejea na kuanza upya.

Kwa miaka mingi aliendelea kuwashawishi wakubwa serikalini. Hatimaye, Juni 1973, Waziri wa Kilimo, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuwa Rais, alitia saini amri ya kuipandisha Mouton hadi daraja la kwanza. Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa daraja katika orodha hiyo ya 1855.

Baron Philippe alifariki dunia Januari 20, 1988, akiwa na umri wa miaka 85. Kati ya uamuzi wake wa chupa na saini ya waziri, ilipita miaka 49.