Joginder Singh: Dereva Aliyejua Kufika

Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kwa jina la Safari Rally, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapogeuza vumbi la barabara kuwa tope. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu.

Katika njia hizo ndipo Joginder Singh alipojipatia jina la Simba wa Kenya. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 mjini Kericho, katika familia ya Singasinga yenye asili ya Punjab, India. Alijifunza ufundi wa magari katika gereji ya baba yake. Kabla ya kujulikana, kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva walioharibikiwa na magari.

Aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1965, yeye na mdogo wake Jaswant waliondoka wa kwanza wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakashinda. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa gari aina ya Mitsubishi Lancer, akiwa na David Doig. Hakuna aliyemtangulia kuyashinda mashindano hayo mara tatu.

Hata hivyo, heshima yake kubwa imo katika hesabu nyingine. Hadi mwaka 1980 alikuwa ameanza Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Fundi huyu alijua kwamba gari lisilotunzwa humwacha dereva njiani, hata awe hodari namna gani. Alifariki dunia jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Joginder hakuwa Mkristo. Lakini mwaka uleule wa ushindi wake wa kwanza, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate, ukitufundisha kutokataa lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Mtume Paulo naye, akimwandikia Timotheo, aliyafananisha maisha yake na mwendo aliokwisha kuumaliza.

Ndugu msomaji, kijana wa bodaboda hapa Bugwema anayekagua breki kabla ya kumpakia mama mjamzito anaifuata hekima hiyo. Vivyo hivyo wanandoa: siku ya harusi ni siku ya kuondoka tu. Sala ya kila siku, msamaha na Kitubio ndivyo matengenezo yanayotufikisha mwisho wa safari.