Charlie Parker: Ndege Aliyenaswa na Unga

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwa methali hii nakusimulia maisha ya Charlie Parker, mpiga saksafoni wa Marekani aliyepewa jina la utani Bird, yaani ndege. Huenda ukauliza, Mmarekani aliyekufa 1955 atuhusu nini sisi wa Kibarani? Atuhusu sana. Kuanzia Kilifi hadi Malindi, unga si hadithi ya mbali. Umekuwa mwambaoni kwetu tangu miaka ya 1980, na mateja twawaona kwa macho yetu. Kisha zipo nyimbo na sinema zinazompamba mlaji unga, ati bila dawa msanii hawi msanii. Uongo huo ni wa zamani, na Parker ni mmoja wa waliosingiziwa.

Parker alizaliwa tarehe 29 Agosti 1920, Kansas City. Alipokuwa kijana wa rika letu alijifunza saksafoni kwa bidii isiyo kifani. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifanya mazoezi kwa muda wa saa 11 hadi 15 kila siku, miaka mitatu au minne. Hapo ndipo vilipoundwa! Mwaka 1936 alipata ajali ya gari, akavunjika mbavu. Akapewa mofini ya kutuliza maumivu, na kutoka hapo akatumbukia katika heroini.

Miaka ya 1940, yeye na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie waliigeuza jazi ikawa muziki mpya wa kasi, uitwao bibop. Vijana wakamwiga Parker, na sindano wakaiiga pia. Walidhani siri imo mle. Kumbe sivyo!

Hebu tazama ushahidi. Mwaka 1946 huko Los Angeles, aliyekuwa akimwuzia unga alikamatwa. Arosto ikamshika Parker, akaizima kwa pombe. Tarehe 29 Julai alirekodi "Lover Man" akiwa hajiwezi, na rekodi ile ilipotolewa aliichukia. Usiku uleule moto ulizuka hotelini alikokaa, akatiwa mbaroni, kisha akapelekwa hospitali ya Camarillo kwa karibu miezi sita. Alipotoka mwaka 1947 alikuwa na siha yake, na mwaka huohuo akarekodi baadhi ya kazi zake bora kabisa. Sasa nakuuliza, aliyekuwa akipiga saksafoni ni Parker au ni unga?

Basi akarudia. Saksafoni ikawa haiishi kuwekwa rehani. Katika tamasha la Toronto la 1953 alipiga ya plastiki. Klabu ya Birdland mjini New York, iliyofunguliwa 1949 kwa jina lake, ikafika kumfungia mlango. Alifariki tarehe 12 Machi 1955. Daktari aliyeutazama mwili alikisia kuwa ni wa mtu wa miaka 50 na zaidi. Kumbe alikuwa na miaka 34 tu!

Mwenzake mdogo, Sonny Rollins, naye alikuwa amenaswa, na Parker mwenyewe alimkanya. Mwaka 1955 Rollins alikwenda kutibiwa Lexington, akapona, na 1956 akarekodi "Saxophone Colossus", santuri inayosifiwa hadi leo. Unga ulimtoka, kipaji kikabaki.

Mwaka 1988 Clint Eastwood alitengeneza sinema iitwayo Bird. Aliyeigiza Parker ni Forest Whitaker, yuleyule aliyeigiza Idi Amin mwaka 2006. Sinema ile haikuyaficha mateso, lakini kijana aweza kutoka akidhani kipaji na sindano ni mapacha. Mimi nausifu zaidi mchezo wa kuigiza wa hukuhuku kwetu, uliomwonyesha kijana Omari aliyeharibiwa na heroini. Kutokana na jina hilo shirika la Omari Project la Malindi, lililoanza 1995 kusaidia walaji unga, likapata jina lake.

Wanachama wenzangu, mkisikia wimbo ukiusifu unga, mkumbukeni Ndege. Na kama ndugu yako amekwisha kunaswa, usimcheke wala usimfiche. Anatibika. Hospitali ya Malindi ilianza kutoa methadoni mwaka 2015. Mshike mkono, mpeleke. Si kila ndege hufa tunduni.