Pierre Bouguer: Aliandika siri ya meli kutopinduka akiwa juu milimani

Mwaka 1735 Mfaransa Pierre Bouguer alitumwa Amerika Kusini kupima umbo la dunia kwenye Ikweta. Alirudi kwao 1744. Miaka yote hiyo alipanda na kushuka milima ya Andes, baridi kali, huku akikosana vibaya na mwenzake La Condamine. Cha ajabu, huko milimani ndiko alikoandika sehemu kubwa ya kitabu kuhusu meli.

Bahari ilikuwa damuni. Alizaliwa 1698 Le Croisic, mji wa pwani ya Ufaransa, na baba yake alifundisha mabaharia. Mzee alipofariki, Bouguer alirithi kazi hiyo hajafika hata miaka 17.

Zama hizo fundi alijenga meli kwa uzoefu tu. Utajuaje kama itapinduka? Ishushe majini uone! Meli ya kivita Vasa ya Sweden ilizama 1628 kwenye safari yake ya kwanza, bado ikiwa Stockholm.

Kitabu cha Bouguer kilitoka 1746 na jibu. Chombo kikiinama, nguvu ya maji inayokibeba huhamia upande uliozama. Chora mstari wima kutoka hapo kwenda juu: unapokutana na mstari wa katikati ya chombo ndipo penye metasenta. Kama uzito wa chombo uko chini ya nukta hiyo, kitajiinua chenyewe. Ukiwa juu yake, kwisha habari. Na yote haya unaweza kuyapiga hesabu kabla chombo hakijagusa maji.

Bouguer alifariki Paris mwaka 1758. Hesabu yake bado inatumika kwenye mitambo ya mafuta inayoelea baharini. Humo kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni farumi: kujaza na kutoa maji kwenye matangi ya chini ili mtambo usimame sawa. Ni kazi isiyosifiwa, mpaka iharibike.

Februari 1982, katika dhoruba karibu na Newfoundland, Kanada, wimbi lilivunja dirisha la chumba cha farumi cha mtambo Ocean Ranger. Maji yalilowesha swichi za kuongozea matangi. Wafanyakazi hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na walipojaribu kuurekebisha, mtambo ukazidi kuinama. Walikuwemo watu 84. Hakupona hata mmoja.